Ukienda India, tafuta laini ya simu kabla ya treni

Watu wanaopanga kuzuru India huniuliza swali lilelile: nipande treni, ndege au basi? Ni swali zuri, lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: ile arafa yenye tarakimu za siri, inayotumwa mara moja na kufa baada ya dakika chache, utaipokea kwa namba gani? Katika India ya leo vyombo vya usafiri vipo, tena vya kila aina na kila bei. Kinachomkwamisha mgeni ni programu iliyosimama mlangoni ikimwuliza, "Wewe ni nani? Thibitisha kwa namba ya hapa."

Mimi huandika programu ili nile, kwa hiyo nitaliangalia jambo hili la usafiri kwa jicho hilo. Anayetaka kujua hoteli nzuri ya Jaipur au saa ya kuingia Taj Mahal atafute kwingine, wako wengi wanaojua kuliko mimi.

Tuanze na ukubwa, maana wengi huutazama kwenye ramani bila kuuelewa. India ni zaidi ya mara tano ya Kenya kwa eneo. Mombasa hadi Nairobi kwa SGR ni kama kilomita 470, na sisi tunafungasha chakula kabisa. Delhi hadi Mumbai ni karibu kilomita 1,400 kwa reli, na Rajdhani, treni ya haraka ya usiku, huchukua kama saa 16. Delhi hadi Chennai ni zaidi ya kilomita 2,100. Kuna treni moja iitwayo Vivek Express inayotoka Dibrugarh kule Assam, kaskazini mashariki, hadi Kanyakumari, ncha ya kusini kabisa. Hiyo hupita kilomita 4,000 na humweka abiria ndani kwa zaidi ya saa 70. Sikushauri uipande. Naitaja ili ujue kwamba mpango wa "kuzunguka India kwa wiki mbili" ni mpango wa kuishi kitini.

Msimamo wangu ni huu: kwa mtalii, treni ndiyo uti wa mgongo wa safari, ndege ni ya kuruka pengo kubwa, na basi ni la pale ambapo reli haifiki. Reli ya India ina zaidi ya kilomita 68,000 za njia na stesheni zaidi ya 7,000, na hubeba zaidi ya abiria bilioni 6 kwa mwaka. Wengi wao ni watu wa kwenda kazini na kurudi katika treni za mijini kama zile za Mumbai. Treni ya kwanza ya abiria ilitoka Bombay kwenda Thane tarehe 16 Aprili 1853, safari ya kilomita 34. Sisi wa huku tuna uhusiano wa karibu na reli hiyo. Kati ya 1896 na 1901 zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka India kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, na kama 2,500 kati yao walikufa wakiijenga. Hata ule upana wa mita moja kati ya pau za reli yetu ya zamani ulifuata desturi ya huko. Wenzetu wameshazibadilisha karibu njia zao zote za mita moja kuwa pana.

Madaraja ya mabehewa huwachanganya watu, lakini si magumu. SL ni behewa la kulala lisilo na kiyoyozi, madirisha wazi, vumbi na hewa safi pamoja. 3A ni vitanda vya ghorofa tatu vyenye kiyoyozi na shuka, 2A ni ghorofa mbili, na 1A ni vyumba vyenye mlango. CC ni viti vya mchana. Mtalii wa kawaida achukue 3A au 2A, alale, aamke mji mwingine, na awe ameokoa pesa ya hoteli ya usiku mmoja. SL si mbaya wakati wa baridi kidogo, na ndimo utakamozungumza na watu kwelikweli. Lile behewa la jumla lisilo na nafasi ya kukata mapema, kama una mkoba mkubwa na safari ya usiku, liache. Kwa safari fupi za mchana kuna Vande Bharat, zilizoanza Februari 2019 kati ya New Delhi na Varanasi. Anayekwenda Agra anaweza pia kuchukua Gatimaan Express, iliyoanza 2016, inayomfikisha kwa kama saa moja na dakika 40.

Sasa tufike kwenye tiketi, kwa maana hapo ndipo mwandishi wa programu ndani yangu husisimka.

Reli ya India ilianza kuuza nafasi kwa kompyuta katikati ya miaka ya 1980, na shirika lake la mifumo ya habari, CRIS, liliundwa 1986. Tovuti ya IRCTC ilianza kuuza tiketi mwaka 2002. Siku zile ulikuwa ukilipa mtandaoni, halafu tiketi ya karatasi inaletwa mlangoni na mpeleka vifurushi! Tucheke, lakini mwaka huo ni wangapi kati yetu waliokuwa na akaunti ya barua pepe?

Kila tiketi ina namba ya tarakimu 10 iitwayo PNR, na tiketi huwa katika moja ya hali tatu. CNF maana yake nafasi yako imethibitishwa. WL maana yake uko kwenye orodha ya kusubiri. Katikati kuna RAC, na hii ndiyo inayonifurahisha: unaruhusiwa kupanda, lakini unapewa nusu ya kitanda cha pembeni cha chini, wewe na mwenzako mmoja mkikaa mkitazamana, hadi mtu mwingine asipotokea na mmoja wenu apewe kitanda chake. Ukitazama tiketi ya kusubiri utaona kitu kama WL 34/WL 12. Ulipokata ulikuwa wa 34. Sasa umekuwa wa 12. Waliofuta safari wamekusogeza. Ukiingia tena kesho unaweza kukuta RAC 5, na keshokutwa CNF. Orodha ya mwisho zamani ilifungwa saa 4 kabla ya treni kuondoka. Tangu 2025 hufungwa mapema zaidi, ili aliyekosa apate muda wa kutafuta njia nyingine. Tiketi ya mtandaoni ikibaki WL orodha inapofungwa, inajifuta yenyewe na pesa zinarudi. Usiende stesheni nayo ukitumaini huruma ya mkaguzi.

Linganisha na ndege. Mashirika mengi ya ndege duniani huuza viti zaidi ya vilivyopo na kukuficha mpaka uwe umesimama mlangoni na mzigo wako. Reli ya India nayo huuza zaidi ya vitanda ilivyo navyo, ila inakwambia wazi, tena kwa namba, tena namba inayosogea mbele ya macho yako. Mimi naona huo ni usanifu bora kuliko wa makampuni mengi yenye tovuti maridadi. Tovuti ya IRCTC yenyewe si maridadi hata kidogo, na saa za msongamano humtesa mtu, lakini wazo lililo chini yake ni la heshima. Foleni unayoiona haikuchoshi kama foleni uliyofichwa.

Jambo dogo la kuangalia: si kila WL ni sawa. GNWL, ya wanaoanzia karibu na mwanzo wa safari ya treni, husogea kwa kasi. RLWL na PQWL, za stesheni za katikati na za mgao wa pamoja, husogea polepole. GNWL 20 katika treni kubwa ina matumaini. PQWL 20, panga kitu kingine.

Tatizo linaanzia hapa. Nafasi hufunguliwa siku 60 kabla ya safari. Zilikuwa siku 120 hadi zilipopunguzwa tarehe 1 Novemba 2024. Treni maarufu hujaa haraka. Kwa waliochelewa kuna mpango uitwao Tatkal, nafasi chache zinazofunguliwa siku moja kabla: saa nne asubuhi kwa mabehewa ya kiyoyozi, saa tano kwa yasiyo na kiyoyozi. Vitabu vingi vya watalii vilivyochapishwa miaka iliyopita humwambia mgeni asihangaike, akichelewa atumie Tatkal. Ushauri huo umekufa. Tangu tarehe 1 Julai 2025, tiketi ya Tatkal mtandaoni hupewa mwenye akaunti iliyothibitishwa kwa Aadhaar peke yake, na Aadhaar ni ile namba ya utambulisho ya tarakimu 12 iliyofungwa na alama za vidole na macho, ambayo zaidi ya watu bilioni 1.3 wamepewa. Oktoba mwaka huohuo sharti hilo likaingia pia kwenye tiketi za kawaida: dakika 15 za kwanza baada ya nafasi kufunguliwa ziliwekewa wenye Aadhaar, na baadaye muda huo ukaongezwa.

Mgeni hupewa Aadhaar akiwa ameishi India siku 182 au zaidi katika miezi 12 iliyotangulia. Mtalii wa wiki tatu yuko nje. Hata awe na pesa mkononi, kadi nzuri na intaneti ya kasi, saa nne asubuhi ile si yake.

Kabla hatujalaumu, tujue kwa nini. Wizara ya Reli ilisema karibu nusu ya majaribio ya kuingia kwenye mfumo katika dakika tano za kwanza za Tatkal yalikuwa ya roboti, yaani programu za mawakala zinazojaza fomu kwa kasi ambayo kidole cha binadamu hakiwezi. Mamilioni ya akaunti za kutiliwa shaka zilifungwa mwaka 2025, na mawakala wakazuiwa kununua katika dakika 30 za kwanza. Mkulima wa Bihar anayetaka kurudi nyumbani kwa sherehe alikuwa akishindana na seva. Kwa hiyo Aadhaar ni dawa halali ya ugonjwa halisi. Ila dawa yoyote inayosema "mtu halali ni yule aliye kwenye hifadhidata yetu" ina madhara yake, na anayeyapata ni mgeni.

Ninachowapongeza ni kwamba hawakuuziba mlango wote. Kuna mgao wa watalii wa kigeni katika treni nyingi zinazopita miji ya watalii. Unaweza kukata hadi siku 365 kabla, wakati mwenyeji ana siku 60 tu. Unalipa zaidi kuliko mwenyeji, na hilo sioni shida nalo. Njia ya pili ni ya kizamani na ndiyo ninayoipenda: katika stesheni ya New Delhi, ghorofa ya kwanza, kuna ofisi ya watalii wa kigeni. Unaingia na pasipoti yako halisi, unajaza karatasi, unakaa kwenye kiti, na binadamu anakutafutia nafasi kwenye mgao ule. Hakuna anayekutumia tarakimu za siri. Ukiwa New Delhi na ratiba inayoweza kubadilika kwa siku moja au mbili, hapo utatatua kwa asubuhi moja kile ambacho ungehangaika nacho kwenye simu kwa wiki.

Ila uifikie. Njiani kutoka barabarani hadi ngazi za ofisi hiyo kuna watu nadhifu watakaokwambia kwamba ofisi imehamishwa, imefungwa leo, ama iliungua, na kwamba wao watakupeleka kwenye ofisi "rasmi" ng'ambo ya barabara. Ni madalali. Ofisi iko ndani ya jengo la stesheni, si nje. Panda ngazi tu, usijibu.

Nataka niseme na waandishi wenzangu wa programu hapa, wengine mnaweza kuruka aya hii. Tumezoea kudhani kwamba dirisha lenye mtu ni mabaki ya zamani, kitu cha kuondolewa fomu ikishakuwa tayari. Mfumo wa India unaonyesha kinyume. Kadiri mlango wa kidijitali unavyobanwa ili kuwazuia roboti, ndivyo lile dirisha linavyozidi kuwa na kazi. Tujitazame na sisi. Mgeni akishuka Nairobi leo anakuta kila kibanda kina namba ya M-Pesa, na fomu nyingi za mtandaoni hazikubali namba isiyoanza na 07 au 01. Nimeukuta msimbo wa aina hiyo katika miradi zaidi ya mmoja, umeandikwa na watu werevu kabisa: mstari mmoja wa kukagua namba, na dunia yote nje ya +254 imefungiwa. Hakuna aliyekaa akaamua kumzuia Mjerumani au Mganda. Hakuna aliyewafikiria tu. India angalau kuna mtu aliyekaa akaandika mgao wa wageni kwenye kanuni.

Turudi safarini. Kama nilivyosema mwanzo, laini ya simu kwanza. Nunua ya kampuni kubwa, uwanja wa ndege au dukani kwao, ukiwa na pasipoti, viza na picha. Huenda ikachukua saa kadhaa kabla ya kufanya kazi, kwa hiyo usipange kuitumia dakika unayotoka nje. Zile laini za kidijitali za watalii zinazouzwa mtandaoni kabla ya safari ni nzuri kwa intaneti, lakini nyingi hazina namba ya India, na bila namba hakuna arafa ya siri. Watu hununua hiyo, ramani zinafunguka, wanafurahi, halafu wanakwama kwenye fomu ya kwanza inayotaka kuthibitisha.

Malipo ni ndugu yake. India inalipa kwa UPI, mfumo ulioanza 2016, na unaweza kununua chai ya rupia 10 kwa kupiga picha mchoro uliobandikwa kwenye birika. Sisi wa M-Pesa hatushangai, ingawa kuna tofauti moja kubwa: UPI haimilikiwi na kampuni moja ya simu. Ni njia ya pamoja ya mabenki, na programu yoyote yaweza kuongea na nyingine. Mwaka 2023, India ilipokuwa mwenyeji wa G20, ilianzishwa njia ya wageni kutumia UPI bila akaunti ya benki ya huko, kwa jina la UPI One World. Ukiipata, vizuri. Usipoipata, noti ndogo ndogo hazijawahi kukataliwa na dereva wa tuktuk. Kadi yako ya nyumbani ikikataliwa na tovuti fulani, usishangae. Jaribu tovuti nyingine au nenda dirishani.

Ndege sitazichambua sana. Delhi hadi Kochi au Kolkata hadi Mumbai, kama huna siku za kupoteza, ruka. Kumbuka huingii hata ndani ya jengo la uwanja bila tiketi na pasipoti; askari hukagua mlangoni. Utaona pia foleni ya DigiYatra, ya kupita kwa uso, iliyoanza Desemba 2022. Nayo ilijengwa juu ya Aadhaar, kwa hiyo wewe utasimama upande wa binadamu. Na soko la ndani limeegemea mno shirika moja, IndiGo, lenye zaidi ya nusu ya abiria. Mwanzoni mwa Desemba 2025, baada ya kanuni mpya za mapumziko ya marubani kuanza kutumika kikamilifu, shirika hilo lilifuta maelfu ya safari kwa siku chache na viwanja vikajaa watu waliolala juu ya mabegi. Usiweke ndege ya ndani asubuhi na ndege ya kurudi nyumbani jioni ileile.

Mabasi yana hadithi tamu. Mwaka 2005, kijana mmoja mhandisi aliyekuwa akifanya kazi Bangalore, Phanindra Sama, alikosa tiketi ya basi ya kwenda kwao Hyderabad kwa sikukuu ya Diwali. Alizunguka kwa mawakala, kila mmoja akipiga simu kwa mwingine, na hakuna aliyejua kwa hakika kama kuna kiti kilichobaki kwenye basi lolote. Yeye na wenzake wawili wakaanzisha redBus mwaka uliofuata, na 2013 ikanunuliwa na kampuni ya Ibibo. Shida yao haikuwa mabasi. Mabasi yalikuwepo, viti vilikuwepo, ila habari ya kiti ilikuwa kwenye daftari la mtu mmoja chini ya meza. Anayejua jinsi tiketi za Krismasi za kwenda Kisumu au Kakamega zilivyokuwa zikitafutwa River Road ataelewa mara moja.

Hata hivyo mimi siyapendi mabasi ya kulala ya usiku kwa safari ndefu. Oktoba 2025, karibu na Kurnool, basi la aina hiyo lililotoka Hyderabad kwenda Bengaluru liligongana na pikipiki, likashika moto, na takriban watu 20 wakafa, wengine wakiwa usingizini. Mwaka 2023 zaidi ya watu 170,000 walikufa barabarani India. Reli nayo imekuwa na siku zake za msiba. Balasore, tarehe 2 Juni 2023, treni tatu ziligongana na zaidi ya watu 290 wakapoteza maisha. Ukigawa hatari kwa kilomita na abiria, bado ningelala kitandani kwenye reli. Basi la mchana la kupanda milimani, kule reli isikofika, sawa kabisa. Na kukodi gari ukaendesha mwenyewe, hata kama nasi tunaendesha upande wa kushoto kama wao, sioni sababu. Gari lenye dereva hukodishwa kila mahali, na dereva anajua ng'ombe atavuka lini.

Ndani ya miji, metro ikiwapo ipande. Ya Delhi ilifunguliwa Desemba 2002 na imeenea kiasi kwamba inakufikisha hadi uwanja wa ndege. Penye metro pasipotosha, kuna Uber. Akaunti yako ya Nairobi inafanya kazi kule, tarakimu za kuanzisha safari zinaonekana ndani ya programu yenyewe bila arafa, na unaweza kulipa pesa taslimu. Hiyo ya taslimu tunaichukulia kama kawaida, lakini Uber waliijaribu kwanza Hyderabad, Mei 2015, kisha Nairobi mwaka huohuo. Kwa tuktuk, ambazo hazina tofauti na zetu kwa kuwa nyingi zetu zinatoka kwao, Bengaluru kuna Namma Yatri, iliyoanza 2022. Hii ninaitaja kwa mapenzi. Iliundwa pamoja na chama cha madereva, haiwakati kamisheni ya kila safari kama programu nyingine zilivyokuwa zikifanya, inawatoza ada ndogo tu, na msimbo wake ni huria, mtu yeyote anaweza kuusoma. Tena sehemu kubwa imeandikwa kwa Haskell! Walioteseka na lugha hiyo chuoni watabasamu.

Ukishapata tiketi ya treni, soma herufi za stesheni, si jina la mji. Delhi ina NDLS, DLI, NZM na ANVT, na kutoka moja hadi nyingine asubuhi ya msongamano unaweza kukosa treni. Mumbai vilevile: CSMT, MMCT, LTT, BDTS. Weka pia kwenye simu programu iitwayo Where is my Train. Inakuonyesha treni ilipo hata ukiwa ndani yake bila intaneti na bila GPS, kwa kusoma tu minara ya simu mnayopita na kuilinganisha na ratiba. Google waliinunua kampuni iliyoiunda mwaka 2018. Ni kitu chepesi, kimetengenezwa kwa simu za bei nafuu na mtandao unaokatika, na utakihitaji hasa Desemba na Januari, wakati ukungu wa kaskazini unapochelewesha treni kwa saa nyingi. Miezi hiyo usiamini ratiba ya Delhi hadi Varanasi hata kidogo.

Kama una nafasi ya safari moja ya mchana ya kujifurahisha tu, nenda Konkan, ile reli ya pwani ya magharibi iliyokamilika 1998, inayopita Goa hadi karibu na Mangaluru. Ina mahandaki zaidi ya 90 na madaraja kwa mamia, milima upande mmoja na mito inayoelekea baharini upande wa pili. Wakati wa mvua za masika ya kule treni huenda polepole kwa ratiba maalumu, na ndio wakati mandhari yake hupendeza zaidi.

Mwisho, hesabu ya kitanda. Katika behewa la kawaida la SL au 3A vitanda hupangwa vinane vinane. Chukua namba yako, igawe kwa 8, tazama baki. 1 na 4 ni vya chini, 2 na 5 vya katikati, 3 na 6 vya juu. Baki 7 ni cha pembeni chini, na ikigawanyika sawasawa ni cha pembeni juu. Ukipewa 31, baki ni 7: mchana una dirisha lako mwenyewe. Ukipewa 32 na wewe ni mrefu, utakunja miguu usiku kucha, kwa hiyo mwombe mapema mtu mfupi mbadilishane.